Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uandishi wa Habari kwa Mgeni Rasmi, Arusha

Ndugu Mgeni Rasmi, Wakili Msomi;
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu;
Wajumbe wa Bodi ya Chuo;
Wazazi, walezi na wahitimu wenzetu;
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha majalada yako ofisini ukaja kukaa nasi kwenye turubai hili. Karibu sana. Kwa kuwa unazijua sheria kuliko sisi, risala hii tumeiandika kwa hadhari, na tukikosea kifungu tunaomba utusahihishe leo, kabla hatujapata wahariri wa kutufokea.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Historia ya chuo Mkuu wa Chuo ameshaieleza, hatutairudia. Tumeomba ruhusa tuzungumzie kazi yenyewe tunayokwenda kuifanya, na hasa jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulitambua: kwamba mipaka ya uandishi wa habari barani Afrika imebishaniwa na kuamuliwa na mahakama zenye makao katika mji huu. Tumesoma mifano ya London na Marekani, nayo ina faida yake, ilhali hukumu nzito kuliko zote zilitolewa na mahakama ambazo mtu anazifikia kwa daladala.

Tuanze na jengo la AICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Ukiwauliza wazazi wetu waliopo hapa, wengi wataikumbuka kwa kodi za nyumba zilizopanda. Sisi tunaisoma kwa sababu ya tarehe 3 Desemba 2003, siku iliyotolewa hukumu ya kesi inayoitwa kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kamanda wa jeshi. Ferdinand Nahimana alikuwa msomi wa historia na mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM. Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria, naye mwanzilishi wa redio hiyo hiyo. Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kusikika Julai 1993 ikiwa na muziki wa kuvutia na watangazaji wacheshi, na vijana wakaipenda. Mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda Aprili 1994, watangazaji wale wale wakawa wanataja majina ya watu na mahali walikojificha. Mmoja wao, Georges Ruggiu, hakuwa hata Mnyarwanda, alitoka Ubelgiji. Alikiri makosa mwaka 2000 na kufungwa miaka 12.

Lakini, Ndugu Mgeni Rasmi, iliyotufundisha zaidi ni rufaa, iliyoamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Majaji wa rufaa walisema kwamba maneno ya chuki, yawe mabaya kiasi gani, peke yake hayawi kosa la kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja. Lazima ndani yake kuwe na wito wa kutenda kosa hilo, na msikilizaji wa wakati ule na mahali pale awe aliuelewa hivyo. Baadhi ya makosa yakafutwa na vifungo vikapunguzwa: Nahimana kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, Ngeze kutoka maisha hadi miaka 35, Barayagwiza kutoka miaka 35 hadi 32. Darasani ubishi ulikuwa mkali siku tuliyoisoma rufaa hiyo. Wako waliosema majaji walilegeza. Wengi wetu tuliona kinyume chake: mahakama iliyokuwa na ushahidi wa kutisha mbele yake bado ilijisumbua kutenganisha kauli ya kuchukiza na kauli ya jinai. Serikali yoyote inayoitaja Rwanda kila inapotaka kumziba mdomo mhariri ingefaa isomewe aya hizo.

Mahakama ya pili ni ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Huko Burkina Faso mwaka 2012, mhariri Lohé Issa Konaté wa gazeti la L'Ouragan aliandika habari zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa rushwa. Akahukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kashfa, na gazeti likafungiwa miezi 6. Tarehe 5 Desemba 2014, majaji wa mahakama hiyo, yenye makao yake hapa Arusha, waliamua kwamba kumfunga jela mwandishi kwa kosa la kashfa kulikiuka Ibara ya 9, inayolinda uhuru wa kujieleza, ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hawakusema mwandishi hagusiki. Walisema kifungo kibaki kwa hali nzito za kipekee, kama kuchochea makosa ya kimataifa, chuki au vurugu, na mengine yatafutiwe adhabu nyingine. Ukiziweka hukumu hizi mbili pamoja, mpaka unaonekana.

Ya tatu inatugusa moja kwa moja. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi juu ya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Vifungu vingi, vikiwemo vya kashfa, uchochezi na mamlaka ya Waziri kuzuia machapisho, vilionekana kukiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo na kashfa ikatoka kwenye makosa ya jinai. Aliyechafuliwa jina sasa anakwenda kudai fidia. Tunaipongeza Serikali kwa hilo, na tunasema kwa heshima kuwa kazi haijaisha, maana kosa la uchochezi bado lipo vitabuni.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kashfa ya jinai ilikuwa na umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1958 mhariri wa Sauti ya TANU, jarida la chama kilichopigania uhuru, alishtakiwa kwa kuwaandika vibaya maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akapatikana na hatia, akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Mhariri huyo ni Julius Nyerere. Tunaitaja kesi hiyo kila tunapoambiwa kuwa mwandishi aliyeshtakiwa ni mtu asiyeipenda nchi yake. Na kwa haki hiyo hiyo ya kusema kweli, tunaongeza kuwa uhuru ulipopatikana sheria ya magazeti ya mwaka 1928 haikutupwa. Ilikuja kurithiwa na Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na Hati ya Haki, yaani orodha ya haki za msingi za raia, ilisubiri hadi 1984 kuingia kwenye Katiba. Ibara ya 18 ya uhuru wa maoni tunayoisoma kwa kujivunia leo ina watu nyuma yake waliolipa.

Tusije tukaonekana tunalaumu sheria peke yake. Mwandishi anaweza kutii kila kifungu na bado akamuumiza mtu. Katika mkoa wetu habari za watoto waliokeketwa huandikwa mara kwa mara. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtambulisha mtoto aliye kwenye shauri, na waandishi wanajua, kwa hiyo jina hufichwa. Kisha anatajwa baba yake, kijiji, shule na darasa, na chini yake inawekwa picha ya boma. Kijijini nani hamjui? Tulipewa zoezi la kukusanya habari za namna hiyo magazetini na kujaribu kumtambua mtoto, na mara nyingi haikutuchukua muda. Misingi tunayofundishwa, yaani usahihi, mizani, kumpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka, kulinda chanzo, kusahihisha hadharani ulipokosea, yote huporomoka kirahisi namna hiyo, kwa uzembe zaidi kuliko kwa hila.

Halafu kuna bahasha. Korespondenti wa mkoani analipwa kwa stori iliyotumika. Nauli ya kwenda Longido au Karatu ni yake. Mwenye semina anapompa nauli na chakula, habari ya semina inaandikwa, na aliyenyang'anywa shamba asiye na semina anasubiri. Mitaani watu wanawaita wanaoishi hivyo makanjanja, na wana haki ya kuudhika. Ila tungependa wamiliki wa vyombo nao waulizwe, kwa sababu Bodi ya Ithibati, inayoidhinisha waandishi, inaweza kumkagua mwandishi vyeti vyake vyote na isimwongezee hata nauli ya kufika Monduli.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tunayo maombi, na tumejitahidi yasiwe marefu. Studio yetu ya redio ina mikrofoni mbili, moja ikiwa na waya unaohitaji kushikiliwa na mtu wakati wa kipindi. Hilo tunaliacha kwenye mikono ya wageni waliopo leo, kila mmoja kwa uwezo wake.

Maombi yetu kwako wewe ni ya taaluma yako. Hukumu tulizozitaja ni ndefu, na nyingi za mahakama hizi zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Tunaomba wewe na mawakili wenzako mtusaidie kuandaa muhtasari wake kwa Kiswahili, kurasa chache tu za kubandikwa kwenye chumba cha habari na kusomwa redioni. Pili, utuombee nafasi ili wanachuo wanaotufuata wawe wanakwenda kusikiliza mashauri ya wazi, badala ya kumaliza miaka miwili mjini hapa wakiyajua majengo hayo kwa nje. Tatu, na hili ndilo tunalolitamani zaidi, apatikane wakili mmoja wa zamu ambaye korespondenti anaweza kumpigia simu usiku na kumsomea aya moja kabla haijaenda kwa mhariri. Kesi nyingi zingekufa hapo kwenye simu.

Wazazi wetu tunawashukuru kwa ada, na kwa kuacha kutuuliza lini tutaonekana kwenye televisheni. Wakufunzi wetu tunawashukuru kwa kalamu nyekundu.

Zawadi tuliyokuandalia, Mgeni Rasmi, ni nakala ya toleo la mwisho la gazeti letu la mafunzo. Ukurasa wa tatu kuna habari ya ushuru wa soko ambayo bado haijatoka nje ya chuo, kwa kuwa anayetuhumiwa tumempigia simu na bado hajajibu. Tunaomba uisome kwa jicho la uwakili na utuandikie pembeni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Stashahada ya Uandishi wa Habari,
Arusha.