Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kikosi cha 26 Kilichotufikia Mara Mbili

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu cha wapenda historia ya ndege uliagiza tuache kudonoadonoa, leo ndege hii kesho ile, tuchukue kikosi kimoja cha anga na kukifuata tangu kuundwa hadi kufutwa. Kamati ilichagua Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Najua baadhi yenu mliguna: kwa nini tusianze na cha kwetu? Ni kwa sababu kikosi hicho kilifanya kazi katika ardhi hii ya Tanzania mara mbili, 1916 na 1964, na ujio wake wa pili unagusa moja kwa moja kuzaliwa kwa jeshi letu wenyewe.

Kiliundwa mwaka 1915 huko Netheravon, Uingereza, kwa watu wa Afrika Kusini, ndiyo maana nembo yake ina kichwa cha swala wa huko. Mwishoni mwa Januari 1916 kilishuka Mombasa na ndege za B.E.2c, kikapiga kambi Mbuyuni, karibu na Taveta, kumsaidia Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza huku, dhidi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kazi kubwa ilikuwa upelelezi: adui yuko wapi, amehamia wapi, njia ipi inapitika. Mabomu yalidondoshwa, lakini kwa maoni yangu hayo tuyaweke pembeni. Ndege ya mbao na kitambaa, kwenye joto lile, juu ya pori ambalo ukilitazama kutoka angani huoni ila vilele vya miti, ilikuwa na shida ya kutosha kubaki hewani. Injini ikizima, rubani aliyenusurika alikuwa na safari ya miguu mbele yake. Malaria nayo haikuchagua cheo. Jeshi liliposonga kutoka Moshi kushuka Pangani hadi Morogoro, kikosi kililifuata, na kila kituo kipya kilihitaji pori lifyekwe ndipo ndege zitue.

Wanachama wetu wa Ukerewe waliuliza kama ndege hizo zilishiriki vita ya huku, Ziwa Victoria. Vita ya ziwani ilikuwa ya meli. Ukerewe ilichukuliwa Juni 1916 na Mwanza Julai, na askari waliovushwa kwa maji.

Kikosi kilirudi Uingereza mapema 1918 na kuvunjwa Julai mwaka huo. Hapa wageni katika chama huchanganyikiwa, kwa hiyo nieleze. Kwa Waingereza kikosi kuvunjwa si kufa. Namba inahifadhiwa, na siku ikihitajika wanapewa watu wengine na ndege nyingine, pamoja na nembo na historia yote. Namba 26 ilifufuliwa 1927 huko Catterick, ikapewa kazi ya kushirikiana na jeshi la ardhini. Mwaka 1939 ilikuwa Ufaransa na ndege za Lysander, baadaye ikawa na Tomahawk, kisha Mustang. Juni 1944, majeshi ya Washirika yalipotua pwani ya Normandy, Ufaransa, marubani wake waliruka na Spitfire kuangalia makombora ya manowari yanaangukia wapi na kusahihisha shabaha kwa redio. Msisahau kwamba kazi kama hiyo ilishafanyika kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, ndege za jeshi la majini la Uingereza zilipoelekeza mizinga kwenye meli ya Kijerumani Königsberg. Hao hawakuwa Kikosi cha 26, lakini somo lilipatikana kwetu.

Miaka ya Ujerumani baada ya vita, yenye Vampire, Sabre na Hunter, naipita haraka. Vijana wanaipenda kwa sababu ya jeti. Mimi naona ndiyo miaka ambayo kikosi kiliiacha kazi yake ya asili, ya kusaidia jeshi la ardhini.

Kiliirudia 1962 kilipopewa Belvedere, helikopta ndefu yenye rafadha mbili, moja mbele na moja nyuma. Mwaka 1963 kilihamia Aden, katika Yemen ya sasa. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Kesho yake Tabora ikafuata. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, miaka miwili tu baada ya uhuru, na hakuficha kwamba ilikuwa aibu. Alfajiri ya Januari 25 makomandoo wa Uingereza walibebwa kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur hadi Colito. Miongoni mwa helikopta hizo zilikuwemo Belvedere za Kikosi cha 26.

Kwenye maandalizi ya maonyesho yetu palizuka ubishi mkali hapa. Wazee wawili walitaka ubao wa 1964 uondolewe, kwamba tunawasifu waliokuja kuwanyang'anya silaha vijana wetu. Wengine walitaka uandikwe kama uokozi. Kamati iliamua yaandikwe madai ya askari, ombi la Mwalimu na kilichofuata: Tanganyika Rifles kuvunjwa, wanajeshi wa Nigeria kuja kushika nafasi ya Waingereza, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuanzishwa Septemba 1, 1964. Colito sasa ni Lugalo. Nasimama na uamuzi huo, na ubao utabaki.

Kikosi kilivunjwa tena Aden, Novemba 1965. Kikafufuliwa 1969 kama teksi ya wakubwa, kikiwasafirisha maofisa kwa ndege ndogo ndani ya Uingereza, na mwaka 1976 kikafikia mwisho.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe. Mimi niseme tu kwamba ada zinachelewa mno, na ukumbi tuliouzoea umepandisha bei, hivyo mikutano ya mwakani itakuwa kwenye darasa la kuazima.

Mradi ujao ni wa hapa hapa. Machi 1979, wakati wa vita ya Kagera kati yetu na Uganda ya Idi Amin, ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yalikosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watu waliousikia mshindo ule bado tunao Kirumba, Igogo na Nyamagana, ila wanapungua. Katibu ataandaa fomu ya mahojiano, na kila mwanachama amlete walau mzee mmoja kabla ya masika. Wenye simu zinazorekodi vizuri wajiandikishe leo, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.