Wenye kisukari, kabla ya kukutana Maisara kesho

Assalaam alaykum wanakikundi. Kesho mazoezi yetu ya kutembea, hapo viwanja vya Maisara, Zanzibar, ni saa 12:15 asubuhi, kama kawaida.

Wenye kisukari aina ya 2, pimeni sukari ya damu nyumbani kabla ya kutoka. Osheni mikono kwanza. Kidole kilichoshika embe au tende hutoa kipimo cha juu cha uongo.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, akikuta chini ya 5.0 (mmol/L), ale ndizi mbivu moja, asubiri dakika 15, apime tena. Wa vidonge vya metformini peke yake sukari yake haishuki kirahisi, asijilazimishe kula. Ikizidi 15 na una kiu kali au kichefuchefu, baki nyumbani umpigie daktari wako.

Sukari kuwa juu alfajiri ilhali hujala si ajabu: ini huimwaga wakati huo. Mbio za kasi nazo huipandisha kwa muda, basi msijiongezee dawa kwa papara. Mwendo wa haraka wa dakika 30 unatosha.

Mfukoni wekeni vijiko vya chai 4 vya sukari, vimefungwa kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona ukungu, sukari imeshuka, simama hapo hapo. Koroga sukari hiyo kwenye nusu glasi ya maji, unywe, upime baada ya dakika 15. Chokoleti, hapana, mafuta yake huichelewesha sukari. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali ya Mnazi Mmoja, ni hapo jirani.

Na jamani, ndala ziacheni nyumbani. Raba na soksi.