Choo kikifurika usiku hapa Lamu tumuite nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo sisi watu wa Lamu tunalisema vibarazani kwa sauti ya chini kwa sababu ya haya, nalo ni choo. Choo kikifurika saa nane za usiku hapa Mji wa Kale hakuna mtu wa kumuita. Mombasa mtu anapiga simu, lori la egzosta la kunyonya uchafu wa vyoo linakuja, linanyonya, linaondoka, hata Malindi ambako nyumba nyingi bado zinategemea mashimo ya choo angalau lori linapata njia. Huku kwetu vichochoro punda wawili waliobeba mawe wanapishana kwa shida, sasa ukiniambia ita egzosta nami nitakuuliza lipite wapi.

Masika yaliyopita ilikuwa zamu ya nyumba ya jirani. Choo cha juu kilijaa, maji machafu yakamwagika sakafuni, yakateremka ngazi mpaka uani karibu na kisima, na mama wa watu kwa kuchanganyikiwa alikuwa anavuta maji tena na tena akidhani yatashuka, kumbe kila akivuta ndio yanazidi kupanda. Kijana mmoja wa mtaani akapiga kelele "Mama, usivute tena!" akapita mule ndani ya uchafu akafunga ile koki ndogo ya ukutani nyuma ya choo, akaizungusha kuelekea kulia, ndipo yakasimama. Simu zikapigwa, nambari zote tulizokuwa nazo hazishikwi. Fundi alipatikana asubuhi, akataka pesa ya dharura akalipwa, na alichofanya ni kutoboa paipu kwa nje na kuyaelekeza yote kwenye mtaro wa njiani. Kwake yeye kazi imekwisha. Lakini mtaro ule unapita milangoni kwa watu, watoto wanauruka wakienda madrasa, na mwisho wake ni baharini pale pale vijana wanapopiga mbizi. Shida ya nyumba moja imegeuzwa shida ya mtaa mzima, na tumelipia.

Nimekasirika nakubali, lakini simlaumu fundi peke yake manake hata yeye angeyapeleka wapi?

Tuseme ukweli kuhusu hizi nyumba zetu. Mashimo mengi yalichimbwa na wazee wakati choo ni cha kuchutama na maji ni ya kata kutoka kwenye birika, hakuna tanki la kuflashi. Leo juu ya shimo lile lile tumeweka choo cha kuflashi, shawa, mashine ya kufulia, nyumba nyingine zimekuwa za wageni na kila chumba kina bafu lake, halafu tunashangaa linajaa haraka. Ikija masika, au bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikiwa kubwa kwa sisi wa chini karibu na pwani, maji ya ardhini yanapanda na shimo halinyonyi tena, linabaki limesimama tu. Na ardhi yetu ni matumbawe na mchanga, yaani imejaa matundu, kinachovuja shimoni kinatembea mpaka kisimani. Ndio maana mimi nasema choo kilichofurika ni jambo la kipindupindu na homa ya matumbo, hii si aibu ya mtu ya kufichwa ndani kwake.

Wakati hatuna wa kumuita basi tuambizane yale tunayoyaweza wenyewe. Ukiona maji yanapanda usivute tena, funga koki, na kama koki imekwama kwa kutu (huku chumvi inakula kila kitu) fungua kifuniko cha tanki uinue lile boya ulifunge kwa kamba, maji yatakatika. Kisha angalia, ikiwa ni choo kimoja tu kimegoma na bafu linateremsha vizuri basi kuna kitu kimeziba hapo karibu, mara nyingi daipa au pamba au kitambaa, na mpira wa kuzibulia au waya unatosha. Lakini ukimwaga maji bafuni na choo kikaanza kugugumia basi shimo limejaa au paipu kubwa imeziba, hapo hata ukizibua mpaka alfajiri unajichosha bure, simamisha maji ya nyumba nzima na umwambie jirani asichote kisimani mpaka kieleweke. Msimwage asidi halafu Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, juu yake, ule moshi unaotoka unaunguza mapafu. Na wallahi nawasihi, asiingie mtu shimoni. Hewa ya mule ikizidi pua haisikii harufu tena, mtu anaanguka kimya, na nduguye akishuka kumuokoa anaanguka juu yake, hivyo ndivyo watu wanavyokufa wawili watatu katika shimo moja.

Sasa kwa wakubwa. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na kazi ya maji na usafi imewekwa kwenye mikono ya kaunti, kwa hivyo tunachokidai ni chetu. Na tusiambiwe haiwezekani kwa sababu ya njia nyembamba. Miaka ya 1990 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walitengeneza mashine ndogo ya kunyonya vyoo inayoitwa Vacutug wakaijaribu pale Kibera, kwa sababu hizo hizo za lori kutopita. Dar es Salaam wametumia pampu ya mkono. Lamu tuna mikokoteni, tuna mahamali, tuna vijana hodari hawana kazi, tukinunuliwa pampu ndogo na mapipa yenye mifuniko ya kukaza, vijana wakafundishwa na wakapewa glavu na buti, kazi itafanyika. Muhimu zaidi patengwe mahali pa kwenda kumwaga, mbali na mji na mbali kabisa na vilima vya mchanga vya Shela ambako ndiko tunakopata maji ya kunywa, kwa sababu mashine bila mahali pa kumwaga itaturudisha kwenye mtaro ule ule.

Tangu 2001 mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO na tunajivunia, lakini wanaoishi ndani ya urithi huo ni watu na wanaenda choo kila siku.

Kwa kuanzia tupeni nambari moja ya dharura. Iandikwe misikitini, zahanati na pale gatini, iwe na orodha ya mafundi waliokaguliwa na bei zao za usiku na mchana zijulikane, na aliyepewa hiyo simu alale nayo karibu aishike.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu