Usianze na Safu ya Pointi

Nairobi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi sana kusikia kwamba timu yenu ya mpira wa kikapu imekukabidhi meza ya takwimu msimu huu. Umeuliza uanzie wapi ukishikishwa karatasi ya mechi, na utajuaje kama imeandikwa sawasawa. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lenyewe linastahili.

Usianze na safu ya pointi. Chukua mechi ya saba ya fainali ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ya 2016, iliyochezwa Oakland tarehe 19 Juni, wakati huku kwetu ilikuwa tayari Jumatatu, saa tisa usiku. Cleveland 93, Golden State 89. Ukiiangalia kwa juu juu utadhani Cleveland waliwashinda wenzao kwa mitupo ya mbali, lakini karatasi inasema vingine. Golden State walifunga vikapu 15 vya pointi tatu katika majaribio 41. Cleveland walifunga 6 tu katika 25. Kwa mbali pekee Golden State walikuwa mbele kwa pointi 27.

Basi walishindwaje? Cleveland walikuwa na vikapu 33 katika majaribio 82. Ondoa vile 6 vya mbali, vinabaki 27 vya pointi mbili katika majaribio 57. Golden State walikuwa na 32 katika 83. Ondoa 15, vinabaki 17 katika 42. Hiyo ni pointi 54 dhidi ya 34. Kisha mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo: Cleveland 21 kati ya 25, Golden State 10 kati ya 13. Cleveland wamepata 20 zaidi ndani ya mstari wa pointi tatu na 11 zaidi kwenye mitupo huru, jumla 31. Toa zile 27, zinabaki nne. Hizo nne ndizo kombe lenyewe. Kila karatasi utakayopewa, igawe hivyo kwanza: za mbali, za ndani, za mitupo huru.

Wachezaji wafuate baada ya hapo. Draymond Green wa Golden State alipata pointi 32, ribaundi 15 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) na asisti 9 (pasi za kumfungisha mwenzake), akafunga 11 kati ya majaribio 15, na bado timu yake ikalala. Ukishuka mistari michache unaiona sababu: Stephen Curry 6 kati ya 19, Klay Thompson 6 kati ya 17. Upande wa pili LeBron James alifunga 9 kati ya 24, asilimia ambayo peke yake ungeiita mbovu. Lakini ana mitupo huru 8 kati ya 10, ribaundi 11 na asisti 11. Asilimia ya vikapu haiwezi kumhukumu mtu peke yake.

Kuna jambo moja ambalo jedwali la jumla haliwezi kukuonyesha, nalo ni wakati. Golden State hawakupata hata pointi moja katika dakika nne na sekunde 39 za mwisho. Kyrie Irving alifunga ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 53, LeBron akaongeza mtupo huru mmoja, ikawa basi. Ndiyo maana nakuomba sana uandike matukio kwa mfuatano wake, pamoja na saa ya mechi, na jumla uzitoe humo. Kocha wako atakuuliza timu ilikauka lini, na alama za vijiti kwenye jedwali hazitakusaidia kumjibu.

Sasa hesabu. Watangazaji wetu wamezoea kusema timu imeshinda "kwa vikapu 93 kwa 89". Masikioni haina tatizo, ila mezani kikapu na pointi ni vitu viwili. Safu ya vikapu vilivyofungwa tayari ina vile vya pointi tatu ndani yake. Kwa hiyo zidisha vikapu vyote kwa mbili, ongeza moja kwa kila cha pointi tatu, kisha ongeza mitupo huru. Jaribu kwa Kobe Bryant dhidi ya Toronto, Januari 2006: vikapu 28, saba kati yake vya mbali, mitupo huru 18. Ni 56, na 7, na 18: 81. Mgeni wa kazi hii atahesabu vile saba mara mbili, yaani 56, na 21, na 18, apate 95, kisha ashangae mbona ubao haukubaliani naye.

Kazi ya uwanjani hufanywa na wawili. Mmoja haondoi macho mchezoni wala haangalii karatasi. Mwingine haangalii mchezo, anaandika tu. Anayetazama hutaja rangi, namba, kitendo, daima kwa mpangilio huo: "Nyeupe saba, mbili, nje. Bluu kumi na moja, ribaundi." Yaani saba wa nyeupe amejaribu ya pointi mbili akakosa, na kumi na moja wa bluu ameudaka mpira. Akianza na namba, mwandishi huishia kumwandikia saba wa timu nyingine. Na mchezaji mwenye 0 na mwenye 00 mkubaliane majina kabla mpira haujarushwa.

Makosa yanayorudi kila mara ni haya. Mchezaji akichezewa faulo wakati anatupa na mpira usiingie, hilo si jaribio. Usiliandike, la sivyo utamshushia asilimia bure. Ukiingia, ni jaribio na ni kikapu. Mtupo ukizuiwa hewani bado ni jaribio lililokosa, na anayeokota mpira anapewa ribaundi, hata kama ni yuleyule aliyezuia. Mtupo huru wa kwanza kati ya miwili ukikosa hauna ribaundi, kwa sababu mpira haukuwa hai, yaani mchezo ulikuwa umesimama. Mtupo ukikosa na mpira ukatoka nje bila kushikwa, ribaundi ni ya timu, si ya mtu. Kila mpira ulioporwa lazima uwe na mtu wa upande wa pili aliyeupoteza. Lakini si kila mpira uliopotea umeporwa, maana mwingine mtu huutupa nje mwenyewe.

Kwenye asisti kuwa mkali. Pasi ya mwisho kabla ya kikapu haitoshi. Lazima iwe ndiyo iliyompa mfungaji nafasi. Hapa ndipo watu huwapendelea marafiki zao. Kumbuka pia kwamba kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinazotumika kwetu, pasi hiyo ni asisti hata mpokeaji akichezewa faulo, mradi afunge angalau mtupo huru mmoja. NBA hawahesabu hivyo, kwa hiyo usilinganishe asisti za uwanja wetu wa Nyayo na za Marekani kana kwamba ni kitu kimoja.

Robo ikiisha mna angalau dakika mbili. Zitumie kulinganisha pointi na faulo na meza rasmi, hapo hapo. Kosa la robo ya kwanza likigunduliwa mwisho wa mechi halirekebishiki tena. Mwishoni jumlisha dakika za wachezaji wote wa timu: mechi ya dakika 40 bila muda wa nyongeza lazima itoe 200. Ikitoka 196, kuna mtu aliingia na hamkumwandika, na huenda pointi zake mmempa aliyekaa benchi.

Mechi yenu ya kwanza ikiisha, piga picha karatasi zote, pamoja na ile ya matukio yenye mikwaruzo, unitumie. Usizinakili upya kwanza. Nataka kuona mlipofuta.

Wasalimie wachezaji.

Wako wa siku zote.