Wifi yangu, safari hii karatasi ya manunuzi iache Nairobi

Wifi yangu,

Ukija Mombasa mara hii, tafadhali usije na ile karatasi yako. Kawaida yako ni kushuka treni Miritini jioni, asubuhi unaingia soko la Marikiti mbio, mchana unafunga mizigo. Kisha unanipigia simu kulalamika kwamba leso ulizonunua zina maneno ya ajabu. Uliyasoma?

Nipe siku moja tu, tutembee. Watoto waachie baba yao, hawamli.

Tutaanza Marikiti jua halijawa kali. Jengo lile ni la 1914 na kwenye ramani utaliona kwa jina la Mackinnon, ila mwenye tuktuk mwambie Marikiti, basi. Kwenye maduka ya viungo usikubali kupimiwa kabla hujaonja. Omba iliki moja uipasue: mbegu ziwe nyeusi, zinanatanata, harufu ikupande puani. Zikiwa kavu za kahawia, shukuru uende duka la pili. Pilau masala iliyosagwa tayari mimi siigusi, sijui kimetiwa nini mle. Tutachukua bizari ya pilau, karafuu, mdalasini na pilipili manga nzima nzima, tukasage wenyewe. Kikapu ninacho, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 sitoki bila hicho.

Tukivuka Digo Road tunaingia Biashara Street, na hapo, wifi, tutakaa. Usisimame mlangoni ukanyoosha kidole, "nipe ile nyekundu." Ingia, salimu, uliza hali, kisha omba ukunjuliwe. Muuzaji wa leso kukunjua ndiyo kazi yake, hata akikunjua ishirini na wewe ukachukua moja. Lile duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake unazijua kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla", lipo tangu 1887. Limeshaona wanunuzi wagumu kuliko sisi.

Tazama pindo la pembeni, tazama mji wa katikati, lakini jina, yaani yale maandishi, lisome kabla hujatoa pesa. Leso ukishampa mtu imesema, huwezi kuirudisha kauli. Mama ukimpelekea "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", mimi simo, utajieleza mwenyewe. Mtafutie "Wema hauozi", hiyo haina ugomvi. Yako nishaichagua kichwani: "Japo sipati, tamaa sikati." Usinune, nakutania, wifi ni wa kutaniwa.

Shika kitambaa pia, ukisugue kwa vidole. Pamba ndiyo inayofyonza jasho na kubebea mtoto. Ile inayoteleza na kung'aa ni ya kutazamwa tu. Ukisharidhika na doti yako, yaani leso mbili zilizoungana, nje wapo mafundi wenye cherehani, watakukatia na kupinda palepale huku ukipiga soga.

Mji wa Kale tutapita jioni. Maduka ya vinyago karibu na ngome ya Fort Jesus yamepangiwa bei za wageni, na wewe kwa ile Kiswahili yako ya Nairobi watakuhesabu mgeni, kwa hiyo niachie mimi mazungumzo. Pale cha kutazama ni milango ya kuchonga na roshani, na hilo halilipiwi. Tutakula viazi karai vya moto kwa chatne ya ukwaju, tunywe kahawa chungu na kipande cha haluwa. Mimi tende sitaki, usinilazimishe kama mwaka jana.

Ijumaa usiichague, maduka mengi hufungwa adhuhuri kwa swala, na Jumapili mengine hayafunguki kabisa. Alhamisi ni nzuri. Vaa viatu vya kutembelea, vile vya kisigino vilale kabatini, na umwambie kaka yangu kwamba chakula cha jioni siku hiyo anapika yeye.