Kwa nini mwongozaji wetu haingii nawe kaburini

Malalamiko yamerudi tena. Safari hii ni ya baba mmoja kutoka Mombasa aliyekuja Luxor, Misri, tunakowapangia wageni ziara za makaburi ya wafalme wa kale, na mkewe na mabinti zake wawili. Ametuandikia ujumbe mrefu, na kiini chake ni hiki: "Nimelipia mwongozaji wa peke yetu. Tumefika kaburini, yeye kakaa kivulini, sisi tumeingia wenyewe. Hizo pesa nimelipia nini?" Mzee wetu huyo tumeshazungumza naye tukaelewana. Lakini swali lake tunaulizwa kila msimu, na wapo wasiouliza, wanaondoka na kinyongo kisha wanakwenda kutusema kwa jamaa zao. Basi tunalijibu hapa, mbele ya kila mtu.

Ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme mwongozaji haruhusiwi kutoa maelezo. Hilo ni agizo la mamlaka za Misri, na linawahusu waongozaji wote, wetu na wa kampuni kubwa zenye mabasi. Sisi hatulipingi hata kidogo. Ujia wa kaburi ni mwembamba. Mtu mmoja akisimama kueleza ukuta mmoja kwa dakika kumi, walio nyuma yake wote wamekwama, wanatoka jasho na kupumua mle mle. Unyevu huo hauna pa kwenda. Unaingia kwenye lipu yenye rangi ya miaka zaidi ya 3,000.

Anayedhani hilo ni jambo dogo aangalie yaliyolipata kaburi la Malkia Nefertari, mke wa Farao Ramses wa Pili. Mtaliano Ernesto Schiaparelli alilifungua mwaka 1904, na tayari chumvi iliyomo kwenye jiwe la chokaa, ambayo huamshwa na unyevu, ilikuwa ikiibandua lipu pamoja na michoro. Kuanzia 1986 hadi 1992 wataalamu wa Misri na wa taasisi ya Getty ya Marekani walifanya kazi ya kushikiza vipande vile kimoja kimoja. Lilipofunguliwa tena kwa wageni mwaka 1995, watu walihesabiwa na dakika zao zikahesabiwa.

Sasa turudi kwa mwongozaji aliye kivulini. Kazi yake inafanyika kabla ya mlango, na ndiyo maana tunachagua sana nani wa kufanya naye kazi. Waongozaji wetu ni Wamisri wenye leseni, watu wa Luxor. Mgeni kama mimi siruhusiwi kuongoza, mimi ninapanga safari na kutafsiri kwa Kiswahili. Chukua hilo hilo kaburi la Ramses wa Tatu ambalo mzee wetu alilalamikia. Mwongozaji aliwakalisha kwenye benchi, akafungua faili lake la picha, akawaambia: mkiingia, mtaona vyumba vidogo kushoto na kulia, msivipite. Kimoja kina wapishi na waoka mikate. Kingine kina wapiga vinubi wawili mbele ya miungu, wamefifia, lakini ukitulia unawaona. Halafu mbele kidogo ujia unapinda bila sababu ya kuonekana. Setnakht, baba yake Ramses wa Tatu, ndiye aliyeanza kuchimba pale. Mafundi wakatoboa ukuta na kutokea kwenye kaburi la jirani, la Farao Amenmesse. Kazi ikaachwa. Mwana alipokuja kuliendeleza, akausogeza ujia pembeni ndipo akaendelea mbele.

Hayo ukiyajua, pale kwenye kona unasimama. Usipoyajua unapita kama mtu anayepita kwenye ukumbi wa hoteli. Mabinti waliyasikiliza yote, wakawapata wapiga vinubi wao, na walipotoka walimshika mwongozaji kwa maswali mpaka tukachelewa kaburi la pili. Baba yao wakati wa maelezo alikuwa kwenye simu ya kazini, na hatumlaumu, kazi ni kazi. Lakini maelezo yalitolewa, kwa dakika zisizopungua ishirini, kwa familia moja tu. Kwenye basi la watu arobaini yangetolewa kwa kupaza sauti huku robo ya watu wakitafuta choo.

Jambo la pili linalotuletea lawama ni tiketi. Tiketi ya kawaida ya Bonde inakuingiza makaburi matatu. Yaliyogunduliwa yanazidi 60, lakini yanayofunguliwa kwa wageni ni machache, na hubadilishwa ili mengine yapumzike. Tutankhamun ana tiketi yake, Seti wa Kwanza ana yake, Ramses wa Tano na wa Sita wana yao ya pamoja. Mgeni akisikia "tiketi ya Bonde ndani ya bei" anadhani ni yote. Sisi tunaandika kwenye makubaliano ni tiketi zipi zimo, kwa majina, na tunakukabidhi risiti.

Na kuchagua ndiko kwenye ujuzi. Karibu kila mtu anataka Tutankhamun, tunaelewa kwa nini. Kikosi cha mchimbuzi Mwingereza Howard Carter kilikuta ngazi zake tarehe 4 Novemba 1922, na tangu hapo jina halijashuka. Lakini kaburi lenyewe ni dogo, lenye michoro ni chumba kimoja tu, na mali zake zimehamishiwa Jumba Kuu la Makumbusho kule Giza, karibu na Cairo. Mwenyewe bado amelala kaburini mwake, na kwa baadhi ya wageni hilo peke yake linatosha. Kwa maoni yetu, kama una pesa ya tiketi moja ya ziada, nunua ya Ramses wa Tano na wa Sita. Inua kichwa kwenye chumba cha ndani umwone Nut, mungu wa anga, amejinyoosha dari nzima. Jioni analimeza jua, asubuhi analizaa. Vibanda vya mafundi waliochimba kaburi hilo ndivyo vilivyozifunika ngazi za Tutankhamun, zikasahaulika mpaka Carter alipofika. Kaburi la Seti wa Kwanza, alilolifungua Giovanni Belzoni mwaka 1817, kwetu ndilo linaloyapita yote kwa uzuri wa nakshi. Lina urefu wa zaidi ya mita 130 likishuka ndani ya mwamba, na tiketi yake inazidi ya kawaida zaidi ya mara mbili. Tunampeleka mwenye miguu mizima na asiye na haraka.

Suala la miguu tunalisisitiza na wengine wanaona tunawadharau. Bibi mmoja wa Tanga alitufikia akiwa tayari amepelekwa na watu wengine kwa Thutmose wa Tatu, ambako unapanda ngazi za chuma hadi juu kwenye mwamba, kisha unashuka tena ndani kwenye joto zito. Alipata kizunguzungu katikati, akatolewa ameshikwa mikono. Siku ya pili tulimpeleka kwa Ramses wa Nne, karibu na lango, ujia mpana na mteremko mdogo, akakaa humo mpaka aliporidhika. Tiketi ni ile ile ya kawaida.

Sasa njia ya mkato ambayo inawagharimu watu wetu kila mwaka. Unatembea kando ya mto Luxor, papasi, dalali wa kuwinda watalii, anakufuata: ziara ya siku nzima, gari, mwongozaji, kila kitu ndani, kwa chini ya nusu ya bei yetu. Wanandoa vijana kutoka Dar es Salaam walikubali, baada ya kuwa wameshatuomba bei na kutuambia sisi ni wezi. Walichukuliwa saa tatu asubuhi badala ya alfajiri. Wakapelekwa karakana ya alabasta, chai, maelezo marefu, bei za kuwaaibisha mpaka wanunue. Kisha duka la karatasi za mafunjo, ambako waliuziwa picha iliyochorwa kwenye karatasi ya majani ya migomba. Bondeni walifika adhuhuri, mwezi wa saba, jua la digrii zaidi ya 40. Walipotaka tiketi ya Tutankhamun, dirishani hawapokei taslimu, ni kadi tu, nao walikuwa na dola mfukoni na kadi wameiacha hotelini. Ndani, mlinzi akawaita nyuma ya kamba akiwaonyesha ukuta kwa tochi, kisha akaomba bakshishi. Waliona kaburi moja wakashindwa kuendelea. Jioni walitupigia simu. Tiketi ni ya siku ile ile, haihamishiki, kwa hiyo kesho yake walilipa upya kila kitu, achilia mbali kinyago cha alabasta walichouziwa jana yake bila kukitaka.

Ziara ya bei ile haiwezekani kulipwa na mgeni peke yake. Inalipwa na kamisheni ya maduka, na ndiyo maana saa zako zinaishia dukani. Sisi hatusimami dukani ila mgeni akiomba mwenyewe. Kwa hiyo bei yetu inabeba ujira kamili wa mwongozaji, dereva na gari linalokusubiri siku nzima likiwa na maji ya baridi, na mtu aliyeamka kukufuata hotelini saa kumi na moja alfajiri. Mnatuomba tusogeze mbele muda huo, na jibu letu ni lile lile. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili. Mabasi ya watalii kutoka Hurghada, mji wa Bahari ya Shamu, hukaa njiani kwa muda wa karibu saa nne, hufika asubuhi ikiwa imeshapevuka. Katikati ya hapo kuna muda ambao unaweza kusimama chini ya dari ya Nut bila bega la mtu kukugusa, na muda huo haununuliwi kwa namna nyingine.

Wanaotaka mwongozaji aongee nao mbele ya ukuta wenyewe, tuambieni tuwawekee saa nyingi Deir el-Bahari, kwenye hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Farao, kwa kuwa pale ni wazi na anaeleza kwa raha. Makundi makubwa hupanda moja kwa moja hadi juu. Sisi tunasimama kwenye baraza la kati, upande wa kushoto, kwenye michoro ya msafara wa kwenda Punt, nchi ya kale Wamisri walikofuata ubani. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wetu wa Afrika, kwenye pembe na mwambao wa Bahari ya Shamu. Kuna nyumba juu ya nguzo, ngazi zimeegemezwa, samaki majini, na miti ya ubani imetiwa kwenye vikapu na mizizi yake ikipakiwa jahazini. Mgeni aliyekulia Pwani hahitaji tafsiri yangu hapo.

Kabla hujalipa, tuandikie mambo haya. Pasipoti za kila mmoja, kwa sababu raia wa nchi za Kiarabu hulipa kiingilio cha chini. Tumekuwa na familia ambayo baba ana pasipoti ya Oman na mama ya Tanzania, na hesabu zao ni mbili tofauti. Vijana wenye kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi ambacho hakijaisha muda waje nacho, wanalipa nusu. Tuambie magoti ya wazee yakoje, ukweli kabisa. Na kadi ya benki iwe mfukoni, isibaki hotelini.