Salamu za Pasaka: Furaha Isiyoishia Jumatatu

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana wetu aliye hai. Salamu hizi ziwafikie mlio nyumbani Rungwe na Mbeya, mlio Dar es Salaam, mlio masomoni na kazini mbali na kwenu, na ninyi mliokesha wodini mkiuguza wakati wenzenu wakiimba. Heri ya Pasaka kwenu nyote, wazee kwa watoto.

Sisi Wamoravian Pasaka yetu huanza kungali giza, makaburini. Rungwe mwezi wa nne ni mvua na baridi, kwa hiyo watu hupanda na mashuka mabegani na tope viatuni, matarumbeta yakilia. Jua likichomoza, tunatangaza ufufuo tukiwa tumesimama katikati ya wapendwa wetu tuliowazika. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732, vijana wa kijiji kile walipopanda makaburini kuimba. Kanisa lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891 linaishika hadi leo. Katika liturujia ya asubuhi hiyo huwa tunawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, tukikiri kwamba wameingia katika furaha ya Bwana wao. Safari hii yalikuwapo makaburi ambayo udongo wake bado ni mbichi. Waliosimama kando yake walilitamka neno hilo, furaha, huku machozi yakiwatoka, na hakuna aliyelikwepa.

Furaha ya namna hiyo, inayoweza kutamkwa kando ya kaburi bibichi, ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu naona tunaiaga mapema mno. Kwaresima tunaishika kwa bidii siku 40. Tunafunga, tunaamka kusali, tunasoma Neno, tunahudhuria ibada za katikati ya wiki. Inakuja Pasaka yenyewe: kwaya, nguo mpya, pilau, wageni. Jumatatu tunapumzika, na Jumanne Biblia inarudi kabatini. Lakini tazameni jinsi kanisa lilivyoupanga mwaka wake. Toba ilipewa siku 40, furaha ikapewa 50, tangu Pasaka hadi Pentekoste. Hata baadhi ya Jumapili za majira haya, katika kalenda ya zamani ya kanisa, ziliitwa kwa maneno ya kuamrisha: Shangilieni, kisha Imbeni, kisha Ombeni. Waliotutangulia katika imani walijua kwamba furaha nayo hutaka kushikwa kila siku, kama mfungo unavyoshikwa.

Na hebu tuangalie Bwana mwenyewe alikwenda wapi baada ya kufufuka. Hakwenda kwa Pilato kumwonyesha kwamba ameshindwa, wala hakupanda hekaluni kuwaaibisha makuhani. Mariamu Magdalene alikutana naye bustanini, akamdhania ni mtunza bustani. Wale wawili wa Emau aliwakuta njiani, katika mwendo wa saa mbili kwa miguu, wakirudi wamekata tamaa, akatembea nao na kuwasikiliza kwanza. Akina Petro aliwafuata ziwani, wamesharudia kazi yao ya zamani.

Hapo ziwani nawaomba tukae kidogo. Yohana 21 inasema walivua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka Yesu alikuwa amesimama ufukweni, nao hawakujua kuwa ni yeye. Walitupa nyavu kwa neno lake, wakavuta samaki wakubwa 153. Waliposhuka pwani wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyeshinda mauti alikuwa ameamka mapema kuwaandalia kifungua kinywa watu waliochoka na kulowa!

Moto ule wa makaa lazima ulimchoma Petro moyoni. Si muda mrefu kabla alikuwa ameota moto wa namna ile ile, wa makaa, katika ua wa kuhani mkuu, na hapo akamkana Bwana wake mara tatu. Sasa anakula mbele ya makaa mengine, na yule aliyemkana ndiye anayemgawia mkate. Baada ya kula ndipo anapoulizwa mara tatu, “Wanipenda?” Mara ya tatu Petro alihuzunika, Yohana hakulificha hilo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kutembea na Mungu kila siku ni kucheka kila siku. Ziko asubuhi ambazo Neno litakugusa pale pale unapouma. Lakini angalieni mpangilio wake: alimlisha kwanza, akamuuliza baadaye, kisha akamkabidhi kazi ya kulisha kondoo. Petro aliinuka pale hana deni la kuficha tena. Mtu asiye na la kumficha Mungu anaanza kuonja furaha ambayo wali na kuku wa sikukuu hawawezi kuitoa.

Wazee wa Herrnhut waliotuachia ibada ya makaburini walituachia na njia ya kuishika furaha hii siku za kazi. Tarehe 3 Mei 1728, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila aliyewapa wakimbizi wa imani ardhi ya kujenga kijiji kile, aliwapa waumini neno fupi la kwenda nalo kesho yake. Ikawa desturi: kila asubuhi ndugu walipita nyumba kwa nyumba wakipeleka neno la siku na kuwajulia hali waliomo. Mwaka 1731 likatoka chapisho la kwanza lenye maneno ya mwaka mzima, na tangu hapo halijakatika. Leo husomwa katika lugha zaidi ya 50. Mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa wa Agano Jipya unaoendana nao. Kinachonifurahisha zaidi ni ule mlango uliogongwa. Hawakumwachia mtu apambane peke yake kumtafuta Mungu. Jirani alikuja na Neno mkononi na kuuliza, mmeamkaje?

Katika ushirika wetu yuko mama mmoja anayeuza maandazi. Huamka saa kumi alfajiri, akawasha jiko, akakanda unga, na huku akikanda anazungumza na Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ile ile anayowasemesha wanawe. Anawataja wateja wake mmoja mmoja: wa bodaboda ambaye mkewe anakaribia kujifungua, mwalimu aliyefiwa, mtoto anayekuja na sarafu asiseme neno. Mafuta yakipanda bei, anamweleza Mungu kwamba mafuta yamepanda. Maandazi yakiungua, anamweleza pia. Wimbo unafuata, taratibu, mpaka ndoo ijae. Nilimuuliza kama hachoki kuamka saa hizo. Akasema, “Nachoka sana baba, ila ndiyo saa yetu.”

Saa yetu, yake na Mungu. Maisha ya mama huyu si mepesi, nami nayajua. Furaha yake haikungoja mambo yanyooke. Wengi wetu tunamwendea Mungu kukiwa na ada, usaili au ugonjwa, naye kwa wema wake hutusikia. Ila anayekuja kwa shida tu atazijua shida zake vizuri kuliko anavyomjua Baba yake. Zaburi ya 16 inasema furaha tele iko mbele za uso wake. Tukitaka kuipata, basi twende tukae hapo, hata kwa dakika za kuchemsha chai, hata siku ambayo hatusikii chochote moyoni. Wale wavuvi nao hawakuhisi chochote usiku ule, na asubuhi Bwana alikuwa pale ufukweni.

Nawatakia hayo katika siku hizi 50. Kwenu mnaoanza palizi mvua ikipungua, Bwana atembee nanyi matutani. Ninyi madereva wa mabasi ya usiku, yeye asiyesinzia akae macho pamoja nanyi. Wanafunzi wa bweni, msione haya kusali wenzenu wakiwaona. Wajane, na wote mtakaorudi nyumba iliyopungua mtu mmoja, neno mlilolitamka pale makaburini lizidi kuwa kweli kwenu siku hadi siku. Nanyi wazazi, wasomeeni watoto Yohana 21 wiki hii, muwaache waulize maswali yao yote kuhusu samaki.

Na kama una jirani ambaye hajaonekana kanisani tangu Krismasi, kesho asubuhi mgongee mlango. Mpelekee mstari mmoja, umjulie hali, na maandazi yakiwepo, mle pamoja.

Mungu awabariki sana. Akitujalia uzima, tuonane Pentekoste.